Turubai la mzee Mpemba, Nzuguni: nyota nne, ya tano nimeibakiza

Nauza chakula cha mchana jirani na stendi ya Nanenane. Aliyewahi kushuka pale mwezi wa nane anaujua upepo wake: unazoa vumbi, unalimwaga kwenye maharage, na ukichachamaa unaondoka na turubai. Mwaka jana langu lilipaa na bomba zake mbili za chuma, likatua juu ya Noah ya watu. Kioo nikalipa mimi. Bodaboda mmoja akanionea huruma: "Mama, nenda kwa yule mzee anayeshona matanga."

Matanga, Dodoma!

Kibao hana. Ni banda la mabati nyuma ya gereji, mlangoni pametundikwa propela ya ndege iliyopinda. Nilimkuta amekaa mkekani, kiganjani kafunga kipande cha ngozi, anasukuma sindano nene kama msumari. Nikampa shikamoo, nikamwambia nataka turubai zito, lisibebwe tena. Hakujibu. Akaomba karatasi, kwenye pochi nilikuwa na risiti ya luku. Akaishika ncha moja chini ya mdomo, nyingine ikining'inia, akapuliza kwa juu. Ikanyanyuka.

"Umeona, mwanangu? Sikupuliza chini. Turubai likivimba mgongo ni bawa hilo. Ukilizidisha uzito, umelipa zaidi ili urushe kitu kizito."

Kumbe mzee kazaliwa Wete, baba yake nahodha wa mashua, na kabla ya kumaliza darasa la saba alishajua kubisha, yaani kupanda na upepo wa mbele kwa kugeuza tanga huku na huku. Akaenda Kiev enzi za Wasovieti kusomea uhandisi wa ndege, akarudi akala chumvi ya mahanga, yale mabanda ya kutengenezea ndege, baadaye akawa rubani wa vindege vidogo. Anasema kiwanja cha Dodoma saa saba mchana ukikiona urefu wake unatia shaka: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, na joto linaizidisha wepesi, kwa hiyo ndege inakimbia sana kabla ya kuinuka. Nikamuuliza kama ndiyo maana maharage yangu hayaivi upesi. Akacheka, akasema naam, huku maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Miaka yote nilikuwa namlaumu muuza maharage wa Majengo. Kuja huku alimfuata binti yake, mtumishi aliyehama na wizara.

Turubai lenyewe sasa. Pembe mbili ziko juu na mbili chini, kwa mshazari, hivyo limejipinda kama tandiko la punda na halina mahali pa kuvimba. Kingo amezikata kwa kuzama ndani, na ndani ya pindo amepitisha kamba; ukiivuta, kitambaa chote kinakaza hadi kinalia ukikipiga kidole. Pembe moja ya chini ameielekeza mashariki, upepo unakotoka. Kamba moja anaiita demani. Kukiwa na dhoruba nailegeza hiyo tu, nyingine sizigusi. Akanifungisha lile fundo mara kumi mbele yake kabla hajanipa mzigo. Miezi saba sasa, na Septemba mabati ya jirani yaling'oka.

Lawama zangu. Aliniambia siku tano, zikawa kumi na nne; kila nikienda namkuta anamsimulia mtu mwingine habari za Kiev. Risiti haandiki. Kisha zile kingo zilizozama zinakula kivuli: nililipia meza sita, zinakaa tano, ya sita inapigwa na jua kuanzia saa nane. Hilo angeniambia mapema. Na mvua inashukia zile pembe za chini, moja ikiwa palepale wateja wanapoingilia. Nimeweka pipa, maji naoshea vyombo, lakini mteja aliyelowa hakuniuliza habari za pipa.

Bei yangu ilikuwa 380,000 na nguzo nilizokuwa nazo. Soko lina ya 150,000, nami nimeshanunua mawili ya hayo, na kioo cha Noah juu yake.

Ukienda, nenda asubuhi. Baada ya adhuhuri anakawia kufungua, Ijumaa ndiyo usiende kabisa. Pima mwenyewe umbali kati ya nguzo, kwa futi, maana vipimo vya hatua anavirudisha. Mimi nimeshatanguliza nusu ya la pili, la meza sita kweli, nilipate kabla ya maonesho ya Nanenane. Amesema siku tano.