Miezi minane na ramani ya michoro ya ukutani: uzoefu wangu

Nilipakua programu hii kwa uvivu. Nilitaka kuona michoro ya ukutani bila kuzunguka mitaa bure, na rafiki akaniambia ipo ramani inayokupeleka moja kwa moja. Kweli ipo. Kila mchoro una alama yake kwenye ramani. Ukiigusa unaona picha, jina la mchoraji kama linajulikana, na tarehe ya mwisho mtu kuuona. Wanaoijaza ni watumiaji wenyewe. Kuna ya bure na ya kulipia, na nimetumia zote mbili. Jina lake silitaji, maana nina malalamiko.

Siku ya kwanza nilifuata alama 11. Nne hazikuwepo. Kwenye moja nilisimama juani nimeinua simu, nikilinganisha picha ya chui wa bluu na uzio wa mabati ya mafundi ujenzi. Chui alishakwenda na jengo lake. Kingine kilikuwa ukuta mweupe ambao rangi yake bado ilikuwa inanukia.

Nikaikasirikia programu, lakini nusu ya kosa ilikuwa yangu: nilikuwa naangalia picha, tarehe siisomi. Picha ya chui ilikuwa na miaka mitatu. Ukuta ulio wazi barabarani miaka mitatu ni umri wa babu. Siku hizi alama yenye zaidi ya mwaka siifungii safari, naichungulia nikiwa napita tu. Kuchuja alama kwa tarehe kupo, ila wamekuweka kwenye ya kulipia, na hilo naliona ni uchoyo. Bila tarehe ramani hii ni albamu tu.

Sasa nisimulie ukuta mmoja, kwa sababu ndio ulionibadilisha. Kwenye ramani ulikuwa na alama nyekundu, maana yake "umeharibiwa". Nilipita hapo kwa bahati tu. Kweli, ukuta mzima, kama ghorofa tatu kwenda juu, ulikuwa umechorwachorwa ovyo: herufi R kubwa, nyota, namba 7, jicho, mistari ya kupinda isiyo na maana. Nikasema wahuni wamemaliza kazi. Nikapiga picha ya ushahidi, nikaondoka.

Siku mbili baadaye nikakuta jukwaa la chuma limesimamishwa na kijana yuko juu na simu mkononi. Pale palipokuwa na R pameota pua. Alipotelemka kunywa maji nikamuuliza, akacheka, akanionyesha simu. Kumbe yale machorochoro aliyaweka yeye. Unajaza ukuta alama zozote, unaupiga picha, kisha unaulaza mchoro wako juu ya picha hiyo kwenye simu. Hapo unajua pua inaanzia juu ya R na kona ya jicho inakaa kati ya 7 na nyota. Zamani walipima miraba kwa kamba, na wengine bado wanafanya hivyo, lakini ukiwa umeganda nusu mita kutoka kwenye ukuta huwezi kujua uko mraba wa ngapi, na miraba yote inafanana. Nyota na 7 hazifanani.

Mfukoni alikuwa na ncha za plastiki za makopo ya rangi, nyembamba na nene, anazibadilisha kama fundi anavyobadilisha spana. Kabla ya kuweka kopo chini analigeuza kichwa chini na kupuliza mpaka itoke hewa tupu, ncha isizibe. Vitu hivi hakuna alama ya ramani itakayokuonyesha. Lakini bila ramani nisingekuwa mtaa ule, hiyo haki yake naipa.

Sehemu niliyoipenda kuliko nilivyotarajia ni alama za kijivu, yaani kazi zilizokwisha kufutwa. Mwanzoni nilizizima, nikiona zinajaza skrini tu. Baadaye ndizo zilizonifanya nianze kusoma. Nikajua habari za 5Pointz, yale majengo ya kiwanda ya Queens, New York, yaliyojaa grafiti, ambayo mwenye nayo aliyapaka rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013. Wachoraji 21 walishitaki, na mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.75. Nikajua pia habari za Blu, mchoraji wa mtaani wa Italia, ambaye Machi 2016 alifunika kwa rangi ya kijivu michoro yake mwenyewe mjini Bologna, kazi ya miaka karibu 20, kwa hasira ya kuona kazi za mtaani zimebanduliwa kutani kupelekwa kwenye maonyesho. Kijivu kwenye ramani, kijivu ukutani.

Matembezi ya kuongozwa kwa sauti, ambayo nayo ni ya kulipia, sikuyapenda. Sauti inatumia dakika sita kwenye stensili ya panya, yaani picha iliyopulizwa rangi kupitia kiolezo kilichokatwa, na karibu zote ni Banksy, yule Mwingereza maarufu wa stensili, Banksy. Blek le Rat, aliyekuwa anachapa panya wake kwenye kuta za Paris tangu 1981, anatajwa mara moja kwa pumzi moja. Na sauti haijui kama kilicho mbele yako bado kipo. Mimi ilinisifia "macho haya makali" nikiwa mbele ya tangazo la simu.

Kwa kufuatilia wachoraji, programu haisaidii sana. Dawa ni kusoma kona ya chini ya ukuta: wengi siku hizi wanaandika jina la akaunti yao ya Instagram hapo. Mimi nafuata zaidi wapiga picha wanaozunguka kutani kila wiki kuliko wachoraji wakubwa, maana wakubwa huonyesha kazi ikishakamilika, na mimi nataka kujua jukwaa liko wapi leo. Na kama uko kwenye mji wenye vigae vya Invader, yule Mfaransa anayebandika viumbe wa mchezo wa video tangu 1998, pakua FlashInvaders. Hiyo ni ya bure: unapiga picha kigae, inahakiki, inakupa pointi. Ni mchezo wa kitoto na mimi nimeshapitiliza kituo cha basi mara mbili kwa ajili yake.

Mengine kwa haraka: inakula chaji, beba betri ya ziada. Alama hukosea kwa mtaa mzima kwenye vichochoro vyenye majengo marefu. Kupakua ramani kabla ya kutoka kunafanya kazi vizuri na kunaokoa bando.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya kulipia nimeisitisha, ya bure bado ninayo.

Ule ukuta ulikamilika siku ya tisa: bibi anacheka, jicho moja limefumbwa. Nilipandisha picha jioni ile ile nikijua ni wa kwanza. Wiki tano sasa inasubiri kuhakikiwa, na kwenye ramani yao ukuta bado ni mwekundu, "umeharibiwa", na ushahidi ni ile picha yangu ya machorochoro.