Uzoefu wangu: alaimenti ya magurudumu ya nyuma baada ya tairi kulika upande wa ndani

Tairi la nyuma la kushoto la gari langu lilikuwa limelika upande wa ndani hadi nyuzi zikaanza kuonekana, ilhali upande wa nje ulikuwa bado na mifereji yenye kina cha milimita 5. Sikuligundua hilo kwa macho bali kwa kiganja, nilipoinama kutafuta chanzo cha mvumo ambao kwa wiki kadhaa nilidhani unatoka kwenye beringi.

Kilichoniudhi ni kwamba gari lilikuwa limefanyiwa alaimenti, yaani kupangwa pembe za magurudumu, miezi michache tu kabla ya hapo. Nilipoitoa ile karatasi ya vipimo na kuisoma kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ileile, niliona kuwa fundi alikuwa amerekebisha magurudumu ya mbele peke yake, na namba za nyuma zilikuwa nyekundu, yaani nje ya kiwango, kabla ya kazi na zikabaki nyekundu baada yake.

Karakana ya pili, ambayo ndiyo ninayoitolea tathmini hapa, ilianza tofauti. Kabla ya kufunga vipimo vya mashine, fundi alisawazisha upepo wa matairi yote, kisha akaingiza mtaimbo kwenye mikono ya chini ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshikilia magurudumu, na kuitikisa. Bushi ya kushoto, yaani pete ya mpira kwenye maungio ya mkono huo, ilikuwa imechanika, na boliti ya kurekebishia pembe ilikuwa imeshikwa na kutu ndani yake. Alinieleza kwamba pembe zikirekebishwa juu ya bushi mbovu hukaa sawa kwenye mashine tu, na gari likianza kutembea huhama tena.

Kemba, yaani ulalo wa gurudumu ukilitazama kwa nyuma, ilikuwa nyuzi −2 na dakika 50 (dakika 60 ni nyuzi moja, na alama ya kutoa inamaanisha gurudumu limelalia ndani kwa juu) upande wa kushoto, wakati kulia ilikuwa −1 na dakika 40. Mimi niliona hapo ndipo penye kosa lote, lakini fundi alinionyesha tou, yaani mwelekeo wa gurudumu ukilitazama kutoka juu: la kushoto lilikuwa limefunguka nje kwa dakika 20. Kemba iliyozidi hula ukingo wa ndani polepole, lakini tou mbaya huliburuta tairi kiubavu kila linapozunguka, na vikikutana viwili hivyo tairi halidumu. Isitoshe, gurudumu la kulia nalo lilitazama kushoto kidogo, na ndiyo maana nililazimika kushika usukani ukiwa umepinda kushoto ili gari liende moja kwa moja.

Boliti ilibidi ikatwe, kwa hiyo kazi niliyodhani ni ya saa moja ikachukua siku nzima, na hakuna aliyenijulisha hadi nilipouliza. Kwa hilo tu nawapunguzia nyota moja kati ya tano. Kazi yenyewe sina neno nayo: bushi na boliti mpya ziliwekwa pande zote mbili, boliti zikakazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake ili mpira wa bushi usijisokote, kisha nyuma ikapangwa kwanza na mbele ikafuata. Niliondoka na kemba ya −1 na dakika 30 kushoto, −1 na dakika 25 kulia, na tou ya dakika 8 kwa ndani kila upande. (Wenye gari la ekseli moja ngumu nyuma waulize mapema, kwa sababu mengi ya aina hiyo hayana boliti ya kurekebishia na huhitaji vipande vyembamba vya chuma kuwekwa nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu.)

Nimeshatembea kilomita 12,000 na matairi mawili mapya nyuma. Jana nilipima lile la kushoto na kupata milimita 6.4 ndani, 6.6 katikati na 6.5 nje. Tairi la zamani la kulia, ambalo nililibakiza kama spea, bado linavuma nikilifunga, kwa kuwa meno yaliyokwisha kuchongeka kwenye mpira hayaondolewi na alaimenti yoyote.