Suruali ya MAMA, sketi ya mgombea na gauni la dola 30

Nianze na gauni, maana ndilo lililonila pesa nyingi na kunifaa kidogo.

Mimba yangu ya pili niliibeba hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia Septemba 2023 hadi mwanzo wa Juni 2024. Hesabu mwenyewe: msimu wa mvua wote, sikubakiza hata mwezi. Nakaa Kadutu, nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya Bagira. Kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani kuna ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha zinageuka mtelezo. Kisha kuna moto, ndivyo tunavyoita pikipiki ya abiria. Kisha ni kusimama mbele ya watoto asubuhi nzima. Nguo yoyote niliipima kwa hayo matatu: ngazi, moto na ubao.

Mimba ya kwanza nilikuwa Uvira kwa wazazi, nikajifunga vikwembe (vitenge vya kiunoni) tangu mwezi wa tatu hadi wa tisa, mambo yakaisha. Safari hii isingewezekana. Kikwembe kinataka mikono miwili ya kukishika kila baada ya dakika kumi, na mkono wangu mmoja una chaki, mwingine una mtoto wa mtu.

Mwezi wa nne wa mimba sketi zangu zote ziligoma. Nikaingia duka moja la mjini, sitalitaja, lenye sanamu za plastiki dirishani na mojawapo imewekewa tumbo. Dada wa duka alinipokea vizuri sana, akaniletea gauni la rangi ya divai: "Mama, hii ni pamba, itavutika mpaka uzae." Dola 30. Nilibembeleza, nikanyamaza, nikaelekea mlangoni, bei ikabaki 30. Kwenye kioo nilipendeza, siwezi kudanganya. Nikalipa.

Siku ya kwanza kulivaa ndiyo siku niliyolijua. Linabana magoti. Kukaa upande kwenye moto na tumbo, kwenye miteremko ya Kadutu, sithubutu, na waendeshaji wengi hawakubali. Nikakaa kama mwanamume, gauni likapanda hadi mapajani mbele ya soko zima, nikafunika kwa begi la madaftari. Halafu kuna jambo ambalo sikuliwaza kabisa pale dukani: tumbo likikua linavuta kitambaa cha mbele. Pindo la mbele likawa linapanda kila wiki, la nyuma liko palepale, na mtu akinitazama ubavuni anadhani nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Na jasho. Bukavu si mji wa joto, Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na asubuhi tunatoka na sweta. Lakini mwenye mimba anatembea na jiko lake ndani. Ile pamba ya dada wa duka ilinigandia mgongoni kama mfuko wa sukari. Jioni nikachomoa uzi kwenye pindo, nikauwasha kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Huu uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha punje ngumu nyeusi na harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko. Pamba ya wapi hiyo?

Nilirudi dukani. Nikaambiwa nguo ikishavaliwa hairudi, na kuhusu pamba nikaambiwa labda uzi ni tofauti na kitambaa. Sawa. Tangu hapo, nikitaka kununua nguo, namwomba muuzaji uzi mmoja unaoning'inia. Wengine wanaguna. Wanaoguna najua nisinunue kwao.

Sasa suruali. Hiyo sikuitafuta, ilinitafuta yenyewe. Nilikuwa soko la Kadutu kwenye chagua (wa mbali mnaita mitumba), nikitafuta koti la mvua la kijana wangu mkubwa. Chini ya rundo nikashika jinzi nyeusi. Kiunoni haina kitufe wala zipu, ina mkanda mpana wa kitambaa cha kuvutika, kama shingo ya sweta lakini pana kiganja kimoja na nusu. Muuzaji mwenyewe aliionea haya.

"Mama, ile patalo haiko muzima. Balikata juu, bakashona soksi. Nipe elfu munane uende nayo."

Nikageuza lebo. H&M, na chini yake neno moja: MAMA. Nilicheka peke yangu pale kwenye rundo. Si Kiswahili kilichopotea njia. Kampuni hiyo inaziita hivyo nguo zake za wajawazito. Yaani Mzungu fulani alijifungua, akakunja suruali yake, akaitoa sadaka, ikafungwa kwenye balo (robota la nguo) ikaja hadi Kadutu ikiwa imeandikwa jina langu, na muuzaji anadhani ni mbovu.

"Punguzako, Papa, na soksi yenyewe imeanza kulegea."

Akaniachia kwa faranga 6,500. Wakati ule hiyo haikufika dola mbili na nusu.

Hiyo ndiyo nguo niliyoivaa kuliko zote. Ule mkanda unapita juu ya tumbo, haulikati katikati, kwa hiyo ukikaa hakuna kinachochoma. Kwenye moto unapanda bila kuwaza. Kwenye ngazi za udongo unaona miguu yako, angalau hadi mwezi wa saba. Kama na wewe unakwenda chagua, usipoteze muda kumwuliza muuzaji "nguo za mimba ziko wapi", atakuletea gauni lolote kubwa la bibi. Geuza lebo. Na ukiona blauzi ndefu yenye mikunjo mingi ya kushonwa pande zote mbili za kiuno, chukua: wauzaji wanaona imekunjamana vibaya, kumbe mikunjo ile ndiyo nafasi ya tumbo. Mimi nilipata mbili hivyo. Uende asubuhi siku ya kufungua balo, ukichelewa utakuta yaliyokanyagwa.

Kasoro zake zipo. Jinzi haikauki. Siku tatu barazani katika mvua ya Aprili, bado mshono wa katikati una maji, na umeme ukiwa umekatika unarudi kwenye pasi ya makaa, nayo usithubutu kuipitisha juu ya ule mkanda. Mwezi wa nane ikaanza kuteremka, nikawa naipandisha kila baada ya hatua ishirini. Na shuleni kwetu mwalimu wa kike havai suruali, hata angekuwa na mapacha watatu tumboni.

Halafu kuna mama mkwe. Alikuja kutoka Kabare Jumapili moja, akanikuta nayo.

"Mwanangu, na ile tumbo unavaa patalo? Mutoto atapumulia wapi?"

Nikainua blauzi nikamwonyesha mkanda. Akauvuta, akauachia, akauvuta tena. "Kumbe ni mupira!" Akakaa kimya. Chai ilipokwisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kule sokoni hakuna moja ya saizi yake.

(Kuhusu bei ya chagua, mtu akikuambia Kamembe, upande wa Rwanda, ni rahisi zaidi, usivuke mpaka kwa ajili hiyo. Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Baada ya hapo ni marobota ya upande wetu yaliyokuwa yanavushwa kwao kwa magendo. Sisi ndio wenye chagua.)

Kwa shule, basi, nilihitaji sketi, na hapo ndipo alipoingia Papa fundi wangu, mwenye mashini ya miguu pembeni ya soko, asiyejua shida ya umeme. Nilimpelekea ile suruali kama mfano. Akaigeuza ndani nje, akapima mkanda kwa vidole, akasema: "Mwalimu, kazi ni rahisi, kitambaa cha kuvutika ndicho hakuna." Akafikiri. "Hauna tisheti za kampeni?"

Nani hakuwa nazo? Uchaguzi ulikuwa tarehe 20 Desemba 2023 na tangu Novemba zilikuwa zinarushwa kutoka kwenye magari kama karanga. Nyumbani tulikuwa na tano, zote kubwa kupita kiasi, na nikiri kwamba kwa kulalia hakuna nguo ya mimba iliyowahi kunifaa zaidi: pana, nyepesi, bure. Nikampelekea moja. Akachukua sketi yangu ya zamani ya bluu, akakata mbele kwa umbo la mwezi mchanga, akajaza lile pengo kwa kitambaa cha tisheti, na juu akapitisha lastiki. Alinitoza dola 4.

Kitu ambacho hatukukiangalia, yeye na mimi, ni upande gani wa tisheti ulikatwa. Mgombea alitokea mzima, kichwa na tai, katikati ya tumbo langu. Blauzi ilimfunika, hakuna aliyejua. Lakini kila asubuhi nikivaa namwona anavyonenepa. Januari mashavu yalikuwa ya kawaida, Aprili alikuwa kama mtu aliyeshinda. Hakushinda.

Tisheti ile inavutika lakini hairudi. Baada ya miezi miwili ikaning'inia, fundi akalazimika kuongeza kamba ya kukaza ndani. Kama unaiga, anza na kamba moja kwa moja. Bado naipa sketi hiyo alama nyingi: ubaoni, siku nzima wima, ndiyo pekee ambayo sikuikumbuka hadi jioni, na kwangu hiyo ndiyo nguo nzuri.

Kazi ya tatu ilikuwa gauni la kitenge. Kila mwaka tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wanawake wa Kongo tunashona kitenge cha sare kwa ajili ya maandamano, na baada ya hapo wengi wetu hatukivai tena. Nilisema mwaka huo kitanifaa kabla na baada. Yadi 6 za kitenge cha China kwa dola 12. Nilikipeleka mapema Februari, na hilo zingatia sana: ukimfikia fundi baada ya katikati ya Februari utaipata nguo yako Pasaka.

Papa fundi alikataa kukata kabla sijakifua. Nilikiloweka usiku, asubuhi maji yalikuwa rangi ya chai, na kitambaa kilikuwa kimerudi nyuma kidogo. Kingerudi nikiwa nimekwisha kukivaa! Kitenge hakivutiki hata kidogo, kwa hiyo nafasi inabidi ishonwe tangu mwanzo. Alibana kidogo chini ya matiti tu, kutoka hapo akamwaga marinda hadi chini. Ubavuni akaweka kamba mbili za kufunga nyuma, ambazo mwezi wa sita zinafika kwa upinde mkubwa na mwezi wa tisa zinafika kwa shida. Na bila kuambiwa akakata upande wa mbele mrefu kuliko wa nyuma kwa vidole vinne, "kwa sababu tumbo litakula." Siku ya maandamano pindo langu lilikuwa sawa mbele na nyuma. Duka la sanamu za plastiki halikujua hilo.

Mimi niliongeza ombi moja: zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono ya kifua, kwa ajili ya kunyonyesha. Hapo alinitoza dola 10 badala ya 8, na ni dola mbili nilizotumia vizuri kuliko zote mwaka ule, kwani nimelivaa gauni hilo hadi mtoto alipoanza kutembea. Ushauri kwa atakayeiga: zipu ya plastiki, si ya chuma. Ya chuma ina baridi na mtoto anaamka. Yadi 2 zilizobaki ndizo nilizombebea mgongoni.

Sidiria nitasema kwa kifupi. Usinunue mpya mapema. Kifua hakiongezeki mbele tu, mbavu nazo zinapanuka, kwa hiyo kinachobana kwanza ni mkanda wa mgongoni. Nilikata kipande chenye kulabu kwenye sidiria iliyochakaa, nikakishona kama kirefusho kwenye ile nzima, nikafika nayo mwezi wa nane. Ndipo nikanunua mbili za kunyonyesha. Viatu: saizi moja zaidi, visivyo na kamba, maana kuna siku utafika mlangoni na huwezi kuinama.

Nimepiga hesabu. Jinzi ya MAMA, sketi ya mgombea na gauni la kitenge pamoja na kitambaa chake: havifiki dola 29. Vyote vitatu.

Jinzi sasa iko kwa jirani yangu wa ngazi ya juu, mwenye mimba ya mwezi wa sita, ameniahidi kuirudisha na sina haraka nayo. Sketi ilirudi kwa fundi akamwondoa mheshimiwa na kurudisha kitambaa cha bluu. Gauni la rangi ya divai liko kabatini, limevaliwa mara tatu. Mwenye gari na asiyetoka jasho anaweza kulichukua kwa dola 10. Nitamwambia ukweli kwamba si pamba.