Kipimo cha WEPs: makabrasha kinayasoma, giza la getini hakilioni

Tuanze na hukumu ili asiye na muda asihangaike. Kama kifaa cha kumkalisha mkurugenzi na afisa rasilimali watu wake meza moja kwa nusu siku, kipimo hiki cha WEPs, ambacho kampuni hujipima yenyewe inavyowatendea wanawake, kinastahili nyota 4 kati ya 5. Kama ushahidi kwamba mwanamke anayetoka zamu saa nne usiku yuko salama, nyota 2, na hapo tumekuwa wakarimu.

WEPs ni Kanuni za Uwezeshaji Wanawake, kanuni 7 za mwaka 2010 zinazosimamiwa na UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la masuala ya wanawake, pamoja na UN Global Compact, mpango wa Umoja huo kwa ajili ya kampuni. Mwaka 2017 ikaongezwa zana ya mtandaoni ya kampuni kujipima yenyewe, na ndiyo tunayoijadili. Ni bure. Unafungua akaunti, unajibu maswali 18 ya kuchagua, na matokeo yanatoka papo hapo: asilimia, pamoja na ngazi moja kati ya nne, kuanzia anayeanza, anayejiboresha, aliyefikia, hadi kinara. Majibu ya kampuni hayatangazwi kwa jina lake, jambo linalosaidia watu kusema kweli. Waandaaji wanakadiria saa 2 hadi 3 za kukusanya taarifa na saa 1 hadi 2 za kujaza. Kwa ofisi ya watu 40 wenye mikataba ya kudumu, makadirio hayo ni sawa. Kwa shamba la maua lenye vibarua wa msimu, tenga siku 3, kwa sababu siku ya kwanza itaishia kwenye swali dogo tu: kwani wafanyakazi wetu ni akina nani?

Kilichotupendeza zaidi ni namna kila swali lilivyosukwa. Haliishii kuuliza kama mna sera. Linapanda ngazi nne: ahadi, utekelezaji, upimaji, uwazi. Chukua suala la unyanyasaji wa kingono. Sera iliyosainiwa ni ahadi. Mafunzo ya kila mwaka na njia ya siri ya kulalamika ni utekelezaji. Kuhesabu malalamiko na muda wa kuyamaliza ni upimaji. Kuwaeleza wafanyakazi au bodi matokeo ni uwazi. Kampuni nyingi hukwama kati ya ngazi ya pili na ya tatu: semina zimefanyika, picha zimepigwa, lakini hakuna daftari linaloonyesha lalamiko liliingia lini na likafungwa lini. Kwa mpangilio huo mwajiri anajionea mwenyewe pengo liko wapi, bila mshauri wa kumlipa kwa siku.

Tatizo la kwanza ni uzito. Maswali yanagusa uongozi, mahali pa kazi, soko na jamii: ajira, mishahara, likizo za uzazi, wazabuni, matangazo, hata misaada kwa kijiji. Yanayogusa moja kwa moja usalama wa mwili wa mwanamke ni matatu: lile la ukatili na unyanyasaji, lile la afya, usalama na usafi kazini na njiani, na lile la huduma za afya. Matatu kati ya 18. Kampuni yenye matangazo ya heshima na wazabuni wanawake inaweza kupata asilimia ya kupendeza huku choo cha wanawake hakina komeo. Kwa hiyo usitazame jumla. Fungua majibu ya maswali hayo matatu peke yake, uyapeleke kwa bodi yakiwa kwenye ukurasa wake.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi: anayejibu ni mwajiri. Hakuna mahali mchuma chai anapoulizwa chochote. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi wa mashamba ya chai Kenya, upande wa Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Yale hayakuwa mashamba ya uchochoroni. Yalikuwa ya kampuni kubwa zinazouza nje. Sera haikosekani kwa mwajiri wa ukubwa huo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza nani anagawa kazi asubuhi. Msimamizi anayeamua nani ataitwa kesho, nani atapewa kazi nyepesi, na mizani itasomeka kilo ngapi, ndiye mwenye uwezo wa kudai rushwa ya ngono, na uwezo huo hauandikwi kwenye karatasi yoyote ambayo kipimo kinaiomba.

Bado tunashauri kitumike, ila kijazwe hivi.

Usimwachie afisa mmoja. Waketi watu wanne au watano: wa rasilimali watu, wa mishahara, mwakilishi wa usalama na afya, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na msimamizi wa uzalishaji anayejua zamu. Angalau nusu wawe wanawake, na mmoja wao asiwe wa ofisini. Mezani kuwe na sera zote, mikataba ya kila aina, orodha ya malipo iliyotenganishwa kwa jinsia na kada, rejesta ya malalamiko, rejesta ya ajali, na kumbukumbu za waliokwenda likizo ya uzazi pamoja na waliorudi. Hilo la mwisho husahaulika. Kama wanawake 12 walikwenda likizo na 5 tu wakarudi kwenye nafasi zao, kuna jambo linahitaji maelezo, hata sera ikiwa imepambwa kwa nembo.

Kisha mkubaliane: pasipo karatasi, jibu ni hapana. "Huwa tunafanya" haihesabiki. Alama zitashuka, na mkurugenzi atanuna kidogo, lakini mwaka ujao mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Kuhusu nani ahesabiwe, msifuate orodha ya mishahara. Fuateni Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Unamlinda mtu bila kujali aina ya mkataba wake: kibarua, mwanagenzi, anayejitolea, hata anayeomba kazi. Pia unapanua maana ya mahali pa kazi hadi chooni, chumba cha kubadilishia nguo, makazi yanayotolewa na mwajiri, safari za kikazi, ujumbe wa simu, na njia ya kwenda na kurudi kazini. Wasafishaji na walinzi walioletwa na wakala waingizwe. Hao ndio hukaa jengoni watu wengine wakishaondoka, na ndio hukosa pa kulalamikia: wakala huwarudisha kwa mteja, mteja huwarudisha kwa wakala.

Sheria ya nchi nayo iwekwe pembeni ya kila swali, kwa kuwa kipimo ni cha dunia nzima na hakimjui mkaguzi wenu wa kazi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la sera ya unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana nao. Neno la kushikwa hapo ni kushauriana; sera iliyonakiliwa mtandaoni usiku wa kuamkia ukaguzi haitimizi sharti hilo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa mama wa zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwa hiyo utaratibu wenu wa malalamiko ukiishia kwa meneja bila kuitaja TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, una tundu.

Swali la malalamiko ndilo linalopotosha kuliko yote. Kampuni huandika sifuri na kujipongeza. Mahali penye wanawake 300 na wasimamizi wanaume, sifuri kwa miaka mitatu mara nyingi ni dalili kwamba njia imeziba. Ipimeni kwa kufuatilia lalamiko moja la zamani, hata la mshahara: lilipokelewa na nani, siku ngapi zikapita, mlalamikaji alijibiwa kwa maandishi? Kisha ulizeni lililo gumu: mlalamikiwa akiwa ndiye afisa rasilimali watu, bahasha inakwenda kwa nani? Sanduku la maoni lililowekwa mbele ya ofisi ya meneja, chini ya kamera, ni pambo. Lihamishiwe chooni au kwenye zahanati ya kazini, na funguo zishikwe na watu wawili wa idara tofauti.

Baada ya kujaza, tokeni nje. Hapa kipimo hakiwasaidii, na hapa ndipo uwezo wa taasisi huonekana. Tembeeni mara mbili: mchana, na wakati zamu ya usiku inapopokezana. Hesabuni taa zinazowaka kati ya getini na kituo cha basi. Ingieni vyooni mwangalie komeo, maji, ndoo yenye mfuniko ya kutupia pedi. Kaguni stoo, vyumba baridi na kona yoyote ambayo watu wawili huweza kubaki peke yao na mlango hufungwa kwa ndani. Kwenye nyumba za maua, tazameni kama bango la muda wa kutoingia baada ya kunyunyizia dawa linafuatwa, na kama mjamzito huhamishwa kazi bila kukatwa ujira. Akikatwa, ataficha mimba, na hapo kinga yote imekwisha. Hotelini, ulizeni mhudumu wa vyumba anafanya nini akikuta mgeni amebaki ndani.

Halafu zungumzeni na wanawake, vikundi vya watu 6 hadi 8, kada moja kwa kikundi, bila msimamizi, na ikiwezekana nje ya uzio. Mwezeshaji asiwe wa kampuni. Msimuulize mtu "umewahi kunyanyaswa?" mbele ya wenzake, ni hatari kwake, na atakataa. Ulizeni "sehemu gani ya kazi hii watu hawapendi kuwa peke yao?" Mchoro wa eneo la kazi na kalamu nyekundu hufanya kazi kuliko dodoso. Kabla ya kuanza, muwe na pa kumpeleka atakayefunguka: dawati la jinsia la polisi, hospitali, namba ya bure ya 1195 kwa Kenya. Kufungua kidonda bila dawa mkononi ni kosa la mtathmini, si la mhojiwa.

Ipo njia nyingine yenye haya yote ndani yake: ukaguzi shirikishi wa kijinsia wa Shirika la Kazi Duniani, ambao shirika hilo lilianza kuutumia kwa ofisi zake lenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye ukaandikiwa mwongozo. Timu ya wawezeshaji husoma nyaraka, huhoji watu wa ngazi zote, huendesha warsha na kutoa ripoti ikipita maeneo 12. Ni bora zaidi kwa asasi za kiraia, vyama vya wafanyakazi na idara za serikali, kwa kuwa maswali ya WEPs kuhusu wazabuni na matangazo ya bidhaa huzibana taasisi zisizouza kitu. Gharama yake ni muda, hadi wiki mbili hivi, na wawezeshaji waliofunzwa, ambao si wengi. Wenye bajeti waanze na WEPs mwezi wa kwanza, kisha wauweke ukaguzi huo kwenye maswali matatu ya usalama na yale mengine yaliyoanguka.

Kampuni ya watu chini ya 10 isihangaike na kipimo hiki. Sera ya ukurasa mmoja, daftari la malalamiko, majina mawili ya wapokeaji, mmoja akiwa mtu wa nje, na taa ya getini vitaifikisha mbali zaidi. Wengine warudie baada ya miezi 12 kwa timu ileile na kanuni ileile ya karatasi. Mkibadilisha wajibuji, alama zikipanda hamtajua kilichopanda ni usalama au ni upole wa aliyejaza.