Nilivyolipa elfu tisa kutembezwa mji niliozaliwa

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: nyota moja. Na hiyo moja ni ya dereva, kampuni ya kutembeza wageni isije ikajipa.

Sasa kwa mwenye nafasi. Mimi ni mtoto wa Majengo, skuli nimesoma hapa hapa kisiwani, siku hizi naishi Kisauni. Mtu atauliza, mtoto wa Majengo alipia nini kutembezwa Mombasa? Swali zuri. Mke wangu ameniuliza mara nne. Sababu ni Shangazi, dadake marehemu baba, aliyeolewa Tanga zamani na hajaja kwetu tangu mimi niko skuli. Juzijuzi, mvua zilipopungua, akapanda basi akapitia mpakani Horohoro mpaka Likoni, akaingia kwangu usiku na kikapu cha machungwa ya Muheza. Goti linamsumbua. Mimi gari sina, na tuktuk ya siku nzima kwa mtu mwenye goti ni adhabu. Halafu niseme kweli: Fort Jesus mimi mwenyewe mara ya mwisho niliingia darasa la sita, tumepangwa wawili wawili na chupa za maji shingoni. Wenyeji ndivyo tulivyo, mji twaupita tu kwenda kazini.

Basi nikaona tangazo kwenye simu. Mombasa kwa siku moja, vya kuona, vya kula, vya kufanya. Gari lenye kiyoyozi, mtembeza wageni, na chakula cha Kiswahili ndani ya bei. Elfu nne na mia tano kwa mtu. Nikatuma elfu tisa kwa M-Pesa usiku ule ule, nikalala nikijiona mtoto mwema.

Ahadi ilikuwa saa mbili. Walifika saa tatu kasorobo, hilo nimelisamehe. Ambalo sikulisamehe ni kuwa kijana mtembeza wageni, shati limepigwa pasi, miwani ya jua utosini, alishuka bila salamu. Shangazi ana miaka sabini na kitu. Amejitanda leso yake mpya, amekaa barazani angoja shikamoo ya asubuhi. Kijana akafungua mlango wa gari, akatabasamu, akatukaribisha Mombasa kwa Kiingereza. Niko mlangoni pangu, ndara zangu ziko kibarazani, nakaribishwa Mombasa!

Shangazi akamwambia, "Mwanangu, sema Kiswahili tu, sisi hatujapotea." Akacheka, akaendelea na Kiingereza.

Kituo cha kwanza, zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Nusu saa. Pembe za aluminiamu ambazo kila siku twapita chini yake na matatu, tulizikalia nusu saa nzima kwa sababu kijana ndiye mpiga picha na picha zina bei yake, haimo katika elfu tisa. Nilinunua moja. Shangazi amefumba macho ndani yake.

Fort Jesus, lakini, siwezi kuisema vibaya, na hapa hasira yangu yapotea njia kidogo. Mlangoni tulipata mzee mmoja anayetembeza watu ndani ya ngome, si wa kampuni, huyo wamlipa kando. Mzee akamsalimu Shangazi kwanza, akamtafutia pa kukaa, ndipo akaanza kusimulia, tena kwa Kiswahili cha Mvita kilichonyooka. Wareno walianza kujenga 1593, wakamaliza 1596, ramani akaichora Mtaliani, Cairati. Ukiitazama kwa juu ni kama mtu aliyelala chali, na mzee akamwonesha Shangazi kwa fimbo kichwa kiko wapi, mikono iko wapi. Akaja kwa Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa hapa aliyechukuliwa na Wareno, akalelewa Goa, Bara Hindi, akabatizwa akaitwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme wao. Mwaka 1631 akaingia humu humu ngomeni akamuua kapteni wao. Shangazi mdomo wazi. Kisha Waomani walivyoizingira ngome, 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani, na waliouawa na njaa na maradhi wakawa wengi kuliko waliouawa na mizinga.

Mzee aliposema kuwa Waingereza waliifanya jela mpaka 1958, Shangazi akanyamaza. Kisha akasema babake, yaani babu yangu, alikuwa akimletea mtu chakula hapa, na yeye mtoto mdogo akaachwa nje ashike baiskeli. Sijapata kulisikia hilo maisha yangu yote. Nikamsogelea nimuulize ni nani aliyekuwa ndani.

Hapo ndipo kijana wetu, aliyekuwa amebaki kivulini na simu yake, akapiga makofi mawili. "Twende, twende, tumechelewa."

Makofi, kama mtu afukuzaye kuku. Ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno hatukuuona, vyombo vilivyopandishwa kutoka ile meli yao iliyozama hapo chini mwaka 1697 tumevipita kama tuko kwenye gari. Na aliyekuwa jela mpaka leo simjui, maana nilipomuuliza Shangazi jioni alisema, "Ah, yamepita."

Sasa Mji wa Kale. Hapa nataka msome polepole kwa sababu ndipo penye kisa chenyewe, hayo mengine ni manung'uniko tu.

Twashuka Ndia Kuu kwa mwendo wa goti. Shangazi agusa milango ya nakshi mmoja mmoja, ahesabu ile aliyoijua. Msikiti wa Mandhry, uliojengwa 1570, akausimamia kidogo akaomba dua. Mwenye kahawa akapita na dele lake, vikombe vyalia mkononi, tukanywa kimoja kimoja kahawa chungu na kashata. Saa sita na nusu hivi. Tukakata kona, na harufu ikatushika: makaa, tui na samaki. Mama mmoja ana kibanda chake chini ya roshani, sufuria mbili na jiko, wavu wa samaki, na benchi wamekaa mahamali watatu wala kimya kimya, na wewe wajua mtu anayekula kimya maana yake nini.

Shangazi akasimama. "Hapa," akasema.

Kijana akamshika mkono. "Hapana, Mama. Pale hula watu wa kawaida. Mutaumwa na tumbo. Nyinyi ni wateja."

Watu wa kawaida.

Nimelala nalo hilo neno siku kadhaa sasa. Kumwambia mwanamke wa Tanga, aliyezaliwa mitaa mitatu kutoka pale, kuwa samaki wa kupaka atamuumiza tumbo! Kumwambia hivyo mbele ya mama mwenye kibanda! Maana yule mama alisikia. Alikuwa na mwiko mkononi. Hakusema kitu, akachukua mfuniko akaufunika wali wake taratibu, akatugeuzia mgongo, akaanza kupepea makaa ambayo yalikuwa yawaka vizuri tu. Mmoja wa wale mahamali alituangalia juu mpaka chini, akaendelea kula.

Shangazi akamuuliza kijana kwa upole, "Na wewe mwanangu, hula wapi?"

Kijana akacheka. "Mimi? Si hapo hapo. Lakini mimi nimezoea."

Na mimi mtoto wa Majengo, mwenye mdomo mrefu kwenye simu, nilifanya nini? Nilipanda gari. Nilifikiria elfu tisa zangu, nikajiambia chakula kimeshalipiwa, nikapanda gari. Hilo laniuma kuliko hizo pesa.

Chakula chenyewe kilichoshalipiwa kilikuwa Nyali, hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani na bafe ya vyombo vya kung'aa vya mifuniko mizito. Kimoja kimebandikwa karatasi, wali wa nazi. Shangazi akaonja, akaweka kijiko. "Wali huu na nazi hawajakutana, wameoneshana picha tu." Nami nikaonja. Wallahi ni wali mweupe. Wali wa nazi waanza kuivia kwenye tui jepesi, lile zito waja kumalizia mwisho, ndipo punje ing'ae na chumba kizima kinukie. Ule ulinukia mfuniko. Samaki wa kupaka naye kakaangwa kwa mafuta kisha akamwagiwa rojo la manjano juu. Kupaka ni kupaka! Samaki achomwe makaani kwanza, halafu tui zito lililopikwa na thomu, tangawizi, bizari na ukwaju, umpake, umrudishe motoni, umgeuze, umpake tena. Mtoto wa miaka kumi Mombasa ajua. Shangazi alikula saladi na kipande cha tikiti. Kijana alikula meza nyingine, na nilimwona naye asukuma wali pembeni mwa sahani.

Baada ya hapo Haller Park, Bamburi. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya siku, kwa hivyo labda sikupaona kwa haki. Pale palikuwa mashimo matupu ya kuchimbwa mawe ya saruji, wakaanza kupanda mivinje miaka ya sabini, na sasa ni msitu wenye kivuli kizito. Nilisimama chini ya mivinje nikasahau hasira kama dakika tano. Ndipo alipokaa yule kiboko mtoto Owen, aliyepotezana na wenziwe wakati wa tsunami ya 2004, akamfanya kobe mkubwa aliyeitwa Mzee kuwa mzazi wake. Kijana alikisimulia vizuri kisa hicho, kwa Kiswahili mara hii, na Shangazi alimpigia makofi, makofi ya heri. Twiga tuliwahi saa yao ya kulishwa. Shangazi alikataa kushika chakula. "Mimi natoka nchi ya twiga," akasema, "nimlishe mgeni wenu?"

Saa kumi na nusu kijana akatangaza siku imekwisha. Na Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni? Imo kwenye tangazo, nimeisoma kwa macho yangu. Akasema foleni ya daraja la Nyali ni kubwa, hatutawahi, akatuaga, akashuka Nyali kwenye shughuli zake. Nikaanza kupandisha sauti, yeye keshavuka barabara.

Dereva, mtu mzima, siku nzima hakuwa amesema maneno kumi, akaniangalia kwenye kioo. "Mimi hulala Likoni. Lazima nivuke na feri. Mama Ngina ni njia yangu, nitawateremsha." Foleni ya daraja ilikuwa dakika kumi.

Hatukuteremshwa tu, alikaa nasi. Mama Ngina jioni, jua limepoa, watoto wakimbia chini ya mibuyu mikongwe, meli ya makontena yaingia Kilindini karibu hivi kwamba wasoma jina lake ubavuni. Dereva alijua ni nani mwenye mihogo mizuri. Ikakaangwa tukiona, ikapasuliwa kati, chumvi, pilipili ya unga, ndimu ikakamuliwa juu. Shangazi alikula sahani mbili. Akashushia dafu, akataka kachri, akataka mabuyu ya kupeleka wajukuu. Vyote hivyo, watu watatu, sikufika shilingi elfu moja. Sikumbuki kumwona akicheka vile tangu baba yuko hai. Kwa hivyo niseme nyota mbili? Maana bila lile gari tusingefika pale. Lakini kampuni haikutufikisha pale, alitufikisha mtu aendaye kwake. Narudi kwenye moja.

Kesho yake nilipiga simu ofisini. Dada wa upande wa pili akanisikiliza, akaniambia chakula kiliandaliwa, mteja hakukila, na Mama Ngina ni ya "muda ukiruhusu". Nikamuuliza maneno hayo yameandikwa wapi. Yako chini, akasema. Nikaangalia. Yako chini kweli, kwa herufi za kutafutwa na darubini. Akaahidi kuniregeshea elfu moja. Mpaka sasa nangoja, na kila simu ikilia nadhani ndiyo hiyo.

Jina la kampuni siliandiki, na sababu yake si woga. Shangazi alinikuta ninaandika haya toleo la kwanza, lenye jina la kampuni, jina la kijana, na picha yake niliyomkata kutoka kwenye ile picha ya pembe. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akaniuliza, "Yule mtoto wa nani?" Nikasema simjui. "Basi wamharibia kazi mtoto usiyemjua wazaziwe?" Nikamwambia Shangazi, alikudharau. "Alidharau samaki," akasema, "mimi hakunidharau. Na pale ngomeni kwenye ngazi alinishika mkono, wewe ulikuwa mbele wasikiliza hadithi."

Kweli, sikuliona hilo. Nikafuta majina.

Amerudi Tanga sasa. Jana kanipigia, goti limetulia kidogo, ataka kuja tena kabla ya Ramadhani, na ataka gari lile lile, dereva yule yule, na kijana yule yule. Nikamuuliza kijana wa nini tena. Akasema ampeleke pale kwenye kile kibanda, wakae benchi moja na wale mahamali, na yule mama awapakulie wote wawili, akiona.

Nimemwambia sawa. Ila elfu tisa safari hii atoe yeye.