Baiskeli yangu ya mikono kutoka Katwe

Polio iliniachia miguu isiyosimama na mkono wa kulia usio na nguvu. Jicho la kulia nalo halioni. Mafundi wawili walishanitengenezea baiskeli za kuzungusha kwa mikono yote. Huyu fundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, alianza kwa kuniuliza, "Mzee, mkono upi unakusikiliza?" Mpini na breki akaviweka kushoto, na kioo upande wa jicho bovu. Nimelipa shilingi 700,000 za Uganda. Mnyororo hulegea mapema, namwomba aliangalie hilo. Kilima cha Kibuli bado vijana hunisukuma. Lakini Ijumaa nafika msikitini kabla ya adhana, sibebwi mgongoni, na sadaka naitoa kwa mkono wangu. Alhamdulillahi.