Our World in Data: tovuti ya kusomea takwimu za korona na milipuko mingine, maoni yangu toka Dodoma

Mbukwenyi wadau. Nikiulizwa ni tovuti gani mtu wa kawaida anaweza kufuatilia takwimu za mlipuko wa ugonjwa bila kuchanganyikiwa huwa natoa jina moja tu, Our World in Data, nilianza nayo kipindi kile cha korona 2020 na mpaka leo naifungua, hata mpox (homa ya nyani) ilipothibitishwa nchini Machi 2025 ndo sehemu ya kwanza nilikokimbilia. Nawapa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyobana inatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja na nitaieleza vizuri huko chini maana ndo sababu kubwa ya mimi kuandika.

Mimi nauza duka la dawa hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Wanaokumbuka 2020 wanajua ilivyokuwa, mtu anakuja kununua vitamini C au barakoa na mdomoni ana namba, kaiona status, au kaisikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, au katumiwa kwenye grupu la ukoo, "leo Italia wamekufa mia saba", "leo Marekani wameongezeka elfu thelathini", na kila namba inamtoa mtu jasho au inampa moyo, na hakuna hata mmoja anayejua imehesabiwaje. Na hapo ndo penye tatizo lote. Namba ya siku moja ukiishika peke yake karibu haikwambii kitu kuhusu ugonjwa, inakwambia habari za wanaohesabu, walikuwa kazini au hawakuwepo, walipima watu wangapi, makaratasi ya hospitali yalifika lini.

Tovuti yenyewe ni ya watafiti wanaofanya kazi na Chuo Kikuu cha Oxford huko Uingereza, aliyeianzisha anaitwa Max Roser, ni bure, haina matangazo, hawakuombi ujisajili wala namba ya simu. Wengi wetu tulianza na ile ramani ya Johns Hopkins ya Marekani, ile nyeusi yenye vidoti vyekundu, iliyowekwa hewani 22 Januari 2020 na kufungwa 10 Machi 2023. Jamani ile kazi ilikuwa kubwa na tuwape haki yao, hata Our World in Data wenyewe kwa kipindi kirefu walikuwa wanachota namba kutoka kule kabla hawajahamia za WHO, Shirika la Afya Duniani. Ila kwa upande wa kuielewa hali, ile ramani ilitisha kuliko ilivyofundisha, miezi ile ya mwanzo vidoti vilikuwa vya jumla tangu mwanzo na jumla tangu mwanzo haishuki hata siku moja, kwahiyo nchi iliyomaliza wimbi lake na nchi ambayo ndo kwanza hospitali zimejaa zote unaziona zina doti kubwa jekundu, utatofautishaje?

Huku Our World in Data kitu nilichokipenda kuliko vyote ni wastani wa siku 7. Nilikuwa na mteja wangu wa dawa za presha, mzee mmoja wa Nkuhungu, akaja Jumatatu moja mchana uso umechangamka. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kabla hata hajatoa daftari lake la kliniki akaniambia "Mwanangu, naona Uingereza ugonjwa unaisha, jana waliokufa ni wachache kweli." Nikamwambia mzee wangu hebu sogea uone. Nikafungua grafu ya vifo ya Uingereza kwenye simu nikailaza simu ili ionekane vizuri, akavaa miwani akawa anazifuata nguzo kwa kidole, zinapanda zinapanda halafu ghafla mbili fupi, zinapanda tena, halafu mbili fupi tena, mpaka mwisho wa skrini. Nikamuuliza zile fupi ni siku gani, akahesabu, akakuta ni Jumapili na Jumatatu. Akacheka akasema "Kumbe wanaopumzika ni waandishi, ugonjwa haupumziki." Ndo hivyo hivyo. Ni sawa na mauzo ya duka ambayo ya Jumamosi na Jumapili yameandikwa Jumanne, ukisoma daftari utadhani wikiendi hakuja mteja na Jumanne mji mzima uliugua. Ule mstari wa wastani unachukua siku saba unazijumlisha unagawa kwa saba, kwahiyo kila nukta ina Jumapili yake ndani, na mawimbi ya kuandika yanapotea linabaki wimbi la ugonjwa. Grafu ikiwa haina huo wastani mimi siiamini na siisambazi.

Cha pili ni kitufe cha kuweka hesabu kwa kila watu milioni. Sensa yetu ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120. Shelisheli wako laki moja na ushee tu. Sasa wagonjwa 100 kwa siku Shelisheli ni kama 1,000 kwa kila milioni, wagonjwa 100 hao hao Tanzania hawafiki hata 2 kwa kila milioni, lakini kwenye taarifa ya habari zote zinasomwa "wagonjwa mia moja". Mei 2021 Shelisheli iliongoza duniani kwa maambukizi mapya ukihesabu kwa idadi ya watu, na wakati huo ndo ilikuwa kati ya nchi zilizochanja watu wengi zaidi, na dukani kwangu watu walikuja wamewaka kwamba chanjo ndo inaleta ugonjwa. Ukibonyeza grafu ya vifo na grafu ya maambukizi ukaziweka pamoja unaanza kuuliza maswali ya maana, wangapi kati ya walioambukizwa wamelazwa, wangapi walikuwa hawajachanjwa, badala ya kushika namba moja ukakimbia nayo.

Kuna kitufe cha skeli ya logi pia, hicho kama hujakizoea kiache, maana kule hatua ya kutoka 10 kwenda 100 inachorwa sawa na ya kutoka 100 kwenda 1,000 na mlima unaonekana kilima.

Halafu chini ya kila grafu kuna sehemu ya chanzo cha data, watu wengi hawaifungui na ndo yenye utamu. Pale ndo unajua namba imetoka wapi na imehesabiwa kwa maana ipi, kwa sababu kuna siku namba inaruka na hakuna mtu wa ziada aliyeugua siku hiyo. Februari 2020 jimbo la Hubei, China, liliongeza karibu wagonjwa 15,000 kwa siku moja, dunia ikashikwa na kiwewe, kumbe walikuwa wameanza kuwahesabu na wale walioonekana kwa picha za mapafu bila kusubiri kipimo cha maabara. Uingereza mwanzoni mwa Oktoba 2020 ikaonekana maambukizi yamelipuka ghafla, kumbe kulikuwa na wagonjwa 15,841 ambao hawakuingia kwenye hesabu za wiki iliyopita kwa sababu walikuwa wanatumia faili la Excel la mtindo wa zamani ambalo likijaa mistari 65,536 linakata, waliobaki wanadondoka kimya kimya. Na wakati huo watu waliokaa karibu na hao wagonjwa wote walitakiwa kupigiwa simu wajitenge, hawakupigiwa. Mwezi Agosti mwaka huo huo walikuwa tayari wameondoa vifo zaidi ya 5,000 kwenye jumla yao kwa kuamua kwamba kinahesabiwa kifo kilichotokea ndani ya siku 28 baada ya kipimo. Hakuna aliyefufuka, walibadilisha maana tu. Peru nao 31 Mei 2021 wakapitia upya hesabu zao vifo vikatoka 69,342 vikawa 180,764, kwa usiku mmoja, na wale wote walikuwa wameshazikwa siku nyingi.

Kwenye vipimo nako usipitwe. Tuseme mji mmoja umepima watu 10 umekuta 2 wanao, mji mwingine umepima 1,000 umekuta 20, redioni utasikia "wawili" na "ishirini" na utawaonea huruma wale wa ishirini. Lakini wa wawili ndo wana hali mbaya, mmoja katika kila watano, maana yake wanapima walio hoi tu na wengine wako mitaani. WHO Mei 2020 walishauri nchi isilegeze masharti mpaka waliokutwa na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya waliopimwa kwa muda wa wiki mbili. Hiyo asilimia kwa nchi zilizotoa taarifa ipo humo kwenye tovuti na kwangu ilikuwa na maana kuliko idadi ya wagonjwa.

Sasa nyota niliyobana.

Weka Tanzania kwenye grafu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020, mstari unapanda Aprili, halafu mwanzoni mwa Mei unasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 na unalala hapo hapo kimya mpaka mwaka unaofuata. Mtoto wa dada yangu alikuwa anasoma UDOM, akaniletea hiyo grafu kwenye laptop kaiweka Tanzania na Kenya, Kenya mawimbi juu chini na vifo vilivyofika zaidi ya 5,600, sisi chini kabisa tumelala, akaniuliza "Mama mdogo, sasa sisi si tulikuwa salama kuliko wao?" Nikamwambia mwanangu, Kenya walikuwa wanahesabu. Huo mlalo wetu ni taarifa kusimama kutolewa. Sisi tuliokuwa kaunta tunajua Januari na Februari 2021 tuliuza nini, tunajua watu walikuja na "changamoto ya upumuaji" na wengine hatukuwaona tena, na mimi siwezi kuwaweka watu wale kwenye sifuri. Kamati ya wataalamu aliyoiunda Rais Samia ilipokabidhi ripoti 17 Mei 2021 moja ya mapendekezo ilikuwa ni serikali irudi kutoa takwimu kwa wananchi na kwa WHO, na zikarudi.

Lawama yangu kwa tovuti ni kwamba sifuri ya nchi iliyopima ikakosa na sifuri ya nchi isiyotoa taarifa zinachorwa mstari ule ule, rangi ile ile. Maelezo yapo kwamba waliothibitishwa ni wachache kuliko walioambukizwa kwa sababu vipimo havikutosha, lakini yameandikwa Kiingereza na kwa maandishi madogo, mwanafunzi anayepiga picha skrini na kubandika kwenye kazi yake hayaoni. Wangeukata mstari tu pale taarifa zilipokatika, pabaki pengo, kila mtu angeuliza kwanini hapa pana pengo.

Watasema basi angalia vifo vya ziada, yaani waliokufa kwa sababu yoyote ile ukitoa idadi ambayo kwa kawaida ingekufa kipindi hicho, na kweli kwa Ulaya hicho ndo kipimo kizuri kuliko vyote maana hakitegemei nani alipimwa. WHO kwa njia hiyo walikadiria vifo milioni 14.9 kwa 2020 na 2021 wakati vilivyoripotiwa ni kama milioni 5.4. Lakini kwa kipimo hicho unahitaji kila kifo kiandikishwe, na sisi tunajuana, mtu akifia kijijini Chemba au Mpwapwa anazikwa kesho yake, cheti cha kifo cha RITA kinatafutwa siku kukiwa na mirathi au hela imekwama benki. Asiyeacha kitu haandikwi. Kwahiyo kwa nchi nyingi za Afrika yale ni makadirio yenye upana mkubwa, na tovuti inaonyesha huo upana vizuri, kivuli juu na chini ya mstari, hapo nawasifu.

Mwisho kwa wanaotaka kuitumia kwa milipuko midogo ya huku kwetu, hapo msiitegemee kama nilivyoikimbilia mimi kwa mpox, watu wakiwa wachache grafu haina kazi. Marburg, ile homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ya Kagera 2023 walikuwa wagonjwa 9 wakafa 6. Ile ya Biharamulo iliyotangazwa hapa hapa Dodoma 20 Januari 2025 ilihesabiwa watu 10 na wote 10 walifariki, mtu akakimbilia kuandika "inaua asilimia 100". Soma taarifa yenyewe ya WHO au ya wizara utakuta waliothibitishwa maabara ni 2, hao 8 wengine ni waliodhaniwa, walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa na wakaingizwa kwenye hesabu baadaye kwa kufuatilia dalili na nani aliyekaa na nani. Anayeugua akapona nyumbani kabla ya kugunduliwa hana njia ya kuingia kwenye orodha ya namna hiyo. Kwahiyo kwa Marburg na mpox anzeni na taarifa ya wizara, tafuteni neno "waliothibitishwa" na neno "wanaodhaniwa", yaandikeni pembeni kila moja na namba yake, ndo muendelee kusoma.